Wati tano hadi Lenana

Jumamosi, Longonot

Longonot nimeuchagua uwe mlima wa kujaribia redio yangu kabla ya kupanda Lenana, kilele cha Mlima Kenya. Ukiondoka Nairobi alfajiri unafika langoni mapema, unapanda, unafanya kazi yako kileleni, na usiku unalala kwako. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita tatu na kidogo za vumbi na kokoto za volkano. Kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, na kilele chenye mita 2,776 kimo humohumo njiani. Kama kuna waya uliokatika au soketi iliyolegea, heri ijulikane hapa kuliko huko juu Mlima Kenya, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Niwaeleze kidogo wasiojua shughuli hii. Redio ya ridhaa ni ya watu wenye leseni wanaowasiliana wenyewe kwa wenyewe, bila biashara, kwenye masafa waliyotengewa duniani kote. Hapa kwetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na alama zetu za wito, yaani majina yetu hewani, huanza na 5Z. Tanzania wana 5H, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U. Wengi huwasiliana wakiwa nyumbani. Wengine tunabeba redio mgongoni tukapanda nayo milima.

Mwaka 2002 Waingereza walianzisha mpango wa Summits on the Air, kwa kifupi SOTA, na leo umeenea katika nchi nyingi. Kanuni zake ni chache: unafika kileleni bila injini, vifaa vyako unavibeba wewe na wenzako, umeme ni wa betri au wa jua, jenereta hairuhusiwi. Unaruhusiwa kuweka kituo chini kidogo ya ncha, mradi usishuke zaidi ya mita 25. Ili upate pointi lazima uwasiliane na vituo vinne tofauti. Mimi nafuata kanuni hizi kila nipandapo, pointi ziwepo zisiwepo, kwa sababu zinamlazimisha mtu kupima kila gramu anayoitia mkobani.

Mkobani mwangu mna redio ndogo ya wati 5 isiyofika nusu kilo, betri ya lithiamu, kitufe cha Morse (herufi za nukta na mistari), visikizi vya masikioni, daftari na penseli. Nje nimefunga fimbo ya kuvulia samaki ya mita 6, aina ile inayoingia ndani yenyewe ikafupika hadi urefu wa mkono. Antena ni waya mwembamba tu. Kanuni ya nusu wimbi ni rahisi: gawa 143 kwa masafa ya megahezi, utapata mita. Kwa megahezi 28 ni mita 5 na kidogo, kwa 14 ni mita 10, kwa 7 ni mita 20. Waya wangu una viungo vitatu ninavyovifunga na kuvifungua kulingana na bendi, yaani kundi la masafa, na mwanzoni mwake kuna transfoma ndogo inayoupatanisha na redio. Ncha moja inapanda juu ya fimbo, nyingine inashuka hadi kwenye jiwe. Basi.

Saa sita mchana nilikuwa nimekaa kileleni, kasoko lote likiwa chini yangu na msitu wake ndani. Jua la wakati huo huimeza bendi ya megahezi 7 hata sauti ya mbali isifike, lakini huipa uhai megahezi 28. Niliita CQ, wito kwa yeyote anayesikiliza, na wito wa tatu haujaisha nikajibiwa kutoka Italia. Ikafuata Ujerumani, kisha Uhispania, kisha Italia tena. Upande wa Ulaya kuna mashine nyingi zinazosikiliza Morse zenyewe na kutangaza mtandaoni papo hapo nani yuko masafa gani, kwa hiyo alama ya 5Z4 haikai peke yake kwa muda mrefu. Wati 5 ni pungufu ya balbu ya jikoni. Zilivuka Sahara na Bahari ya Kati.

Logi, daftari la mawasiliano, huandikwa kwa saa ya dunia, UTC. Wenzetu wa nje hushangaa tunavyokwenda na saa mbili kichwani, lakini anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia yake ya mkato: UTC ukiondoa tatu ni saa yetu. 0900 kwenye daftari ni saa sita mchana. Sijawahi kuhitaji saa ya pili mkononi.

Jumapili, Nanyuki

Siku ya barabara na ya kununua mahitaji. Tuko watatu pamoja na kiongozi wetu wa mlimani, mtu wa hapahapa Nanyuki, na mpagazi kijana wa kumsaidia.

Usiku, chumbani, nilitandika waya dirishani nisikilize megahezi 14. Kipimo cha nguvu ya mawimbi, chenye hatua za S1 hadi S9, kilisimama kwenye S7 bila mtu yeyote kutuma chochote. Hiyo ni kelele tupu: chaja za simu, balbu za LED, inveta ya sola juu ya paa, televisheni ya jirani. Nyumbani kwangu Nairobi ni hivyohivyo, kuna siku hufika S9. Kituo cha mbali kinachofika kwa nguvu ya S3 kipo angani, kinapita juu ya paa langu, nami sikipati hata nikesha.

Wengi hudhani tunapanda ili antena iwe juu. Kwa masafa ya VHF, yale ya juu sana, ni kweli, maana mawimbi yale hayapindi, na anayeona mbali ndiye anayefika mbali. Lakini masafa mafupi, yale yanayoruka hadi tabaka za juu za anga na kurudi duniani, hayajali sana kama uko mita 1,700 au 4,900. Huko juu tunafuata utulivu. Kila hatua moja ya S ni desibeli 6. Kutoka S7 hadi S1 ni desibeli 36, yaani nguvu ya kelele imepungua mara 4,000 hivi. Hakuna antena ya kununua dukani itakayokupa kiasi hicho. Miguu inakupa.

Nilimpigia mjomba, Mombasa, tuthibitishe makubaliano.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mko wangapi? Mna makoti?"

Makoti kwanza, redio baadaye. Mjomba alikuwa afisa wa redio melini, enzi ambazo Morse ilikuwa kazi yenye mshahara. Tarehe 1 Februari 1999 meli za dunia ziliachana nayo rasmi zikahamia mfumo mpya wenye setilaiti, naye akarudi nyumbani na mkono wake wa Morse. Ndiye aliyenifundisha. Tumekubaliana megahezi 7.030 kila jioni saa kumi na moja, na asubuhi ya kilele kuanzia saa kumi na mbili. "Usinitumie haraka," akasema. "Baridi ikikushika mkono hupoteza nafasi kati ya herufi. Tuma polepole, nitangoja."

Jumatatu, lango la Sirimon hadi Old Moses

Langoni, mita 2,650, askari wa wanyamapori alikagua risiti zetu za eCitizen halafu akautazama mkoba wangu kwa muda. Fimbo, waya, betri, kitu chenye vitufe. Hilo nilikuwa nimejiandaa nalo: leseni yangu iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho, tayari kutolewa. Nilimwonyesha masafa ninayotumia na kwamba hayagusi yao.

"Na hii inafika wapi?" akauliza.

"Ulaya, afande. Jua likiwa zuri, hata Japani."

"Na hapa Naro Moru?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na nikakaa kumjibu. Kwa megahezi 28 ni rahisi kufika Finland kuliko Naro Moru. Wimbi linapanda kwa mshazari, linagonga anga ya juu, linateremka kilomita maelfu mbele; wote walio katikati linawaruka. Ukitaka jirani nyuma ya mlima, unashuka kwenye megahezi 7 au chini yake, wimbi lipande karibu wima na kurudi chini pale pale. Akaniambia redio zao za mkononi nazo zina mabonde yasiyoingilika, na wanayajua yote.

Njia ya leo ni barabara ya gari, kilomita 9, msitu wa mipodo na mierezi kwanza, kisha nyasi na vichaka. Mavi mabichi ya tembo barabarani. Hatukuona mwenyewe.

Old Moses, mita 3,300, tulifika mchana tukala. Kwenye saa kumi nilisimamisha fimbo mita mia hivi mbali na kibanda, nikaikaza kwa kamba tatu na mawe. Nikawasha. Sindano ya kipimo ilikaa chini kabisa, haikutikisika. Kwa sekunde chache nilishika waya wa antena nione kama umechomoka. Haukuwa umechomoka. Ni anga tu, bila mji ndani yake.

Kabla ya kuita mtu husikiliza minara ya ishara. Iko 18 duniani, na kwa zamu, sekunde kumi kumi, hutuma kwenye masafa yaleyale: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila baada ya dakika tatu mzunguko huanza upya. Mmoja wao ni wa hapa kwetu Kenya, 5Z4B. Kila mnara hutuma alama yake ya wito kwa Morse, kisha mistari minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa wati 10, wa tatu kwa wati 1, wa nne kwa sehemu moja ya kumi ya wati. Ukisikia hadi mstari wa tatu unajua kwamba leo, kwa njia hii, wati moja inatosha. Jioni hii OH2B wa Finland alinifikia hadi wa tatu, na 4X6TU wa Israeli hadi wa nne, mwembamba lakini mzima. Mnara wetu wenyewe sikuusikia hata kidogo, na ndivyo inavyopaswa kuwa: uko karibu mno, mawimbi yake yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu.

Niliita, na kwa muda wa saa nzima karibu sikupumzika. Ulaya yote, kisha jua lilipoanza kulala magharibi wakaingia Wamarekani wa pwani ya mashariki. Mmoja aliniuliza natumia nguvu gani. Nilipomjibu wati 5 akarudia "5W?" kisha akatuma alama ya mshangao, ambayo kwa Morse ni ndefu na watu wachache hujisumbua nayo.

Saa kumi na moja nikahamia 7.030. Mjomba alikuwepo tayari. Mkono wake naujua kabla sijasikia herufi za jina, namna anavyouvuta mstari wa mwisho. Kilomita 500 hivi hadi Mombasa. Aliuliza kama nimekula.

Jumanne, Old Moses hadi Shipton's

Kilomita 14, na kupanda kwa mita 900. Tulivuka vijito vya Ontulili na Liki, kisha tukaingia Bonde la Mackinder, na hapo mimea ya lobelia na senesio ikaanza kusimama pande zote, mingine mirefu kuliko mtu. Vilele vya Batian na Nelion vilitokea mbele yetu mchana, vikafunikwa, vikatokea tena. Batian ni mita 5,199 na Nelion 5,188, na kuvifikia kunataka kamba na ufundi wa kupanda miamba. Mwingereza Mackinder na wenzake Ollier na Brocherel waliufikia Batian mwaka 1899. Majina yenyewe ni ya malaiboni wa Kimaasai, na Lenana, kilele chetu sisi waenda kwa miguu, ni mwana wa Batian.

Shipton's ni mita 4,200. Nilifika nikiwa sina hamu ya chakula wala maneno. Kiongozi alitupima oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni, akatulazimisha supu, akasema hakuna mtu anayepanda akiwa na maumivu ya kichwa yasiyopungua. Msimamo wake ni huo, hata kama umelipa, hata kama umetoka ng'ambo. Naukubali wote.

Saa kumi na moja nilitandaza waya chini chini juu ya majabali, hata fimbo sikuisimamisha yote. Kwenye bonde lenye kuta kama hizi megahezi 28 hazina pa kutokea, kwa kuwa mshazari wao unagonga mwamba. Lakini megahezi 7 zinapanda wima, na kwa wima bonde liko wazi. Mjomba alinisoma vizuri. Mazungumzo yalikuwa mafupi: salama, baridi, kesho tunapumzika hapa.

Jumatano, Shipton's

Siku ya kuuzoesha mwili. Asubuhi tulipanda polepole kuelekea Hausburg Col, tukakaa kidogo, tukarudi kulala chini. Mchana ukawa wangu.

Kilichonipendeza leo ni yule mpagazi kijana. Alikuwa ameniangalia tangu Old Moses bila kuuliza. Nikampa kisikizi kimoja cha masikioni, kingine nikabaki nacho, tukakaa tukiegemea mwamba mbali na pimbi waliokuwa wakikagua mifuko yetu. Nilikuwa kwenye megahezi 14, nikiita. Baada ya dakika kadhaa akanigusa mkono.

"Dada, huyu anarudia kitu chako."

Alikuwa sahihi. Kituo kilikuwa kikitujibu kwa sauti ndogo sana chini ya kingine chenye nguvu, mimi sikuwa nimekitenga bado, na yeye asiyejua herufi hata moja alitambua mdundo: nukta tano, mistari miwili na nukta mbili, nukta nne na mstari. 5Z4. Ilikuwa Bulgaria. Nilimwonyesha kwenye karatasi namna mdundo ule unavyoandikwa, akaugonga kwa ukucha kwenye kikombe cha bati, bila kukosea, mara moja tu ya kujaribu. Sikio la namna hiyo halifundishwi. Nimemwachia chati ya herufi na namba yangu ya simu, na nimemwambia kuhusu mtihani wa leseni. Vijana wanaoijua milima hii kwa miguu wakiwa pia na leseni, jambo hili litakuwa la kwao, halitasubiri wageni waje na redio zao.

Jioni nilikagua betri. Ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ampea-saa 3. Redio ikisikiliza tu inakula kidogo sana, ikituma inakula ampea moja hivi, kwa hiyo kwa kazi ya saa mbili kileleni inatosha na kubaki. Adui ni baridi. Betri za aina hii hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, zinaharibika ndani moja kwa moja. Kijipaneli changu cha sola nilikitumia mchana jua likiwa kali, nikakifungia. Usiku betri inalala nami ndani ya mfuko wa kulalia, na asubuhi inapanda ndani ya koti, si mkobani.

Alhamisi, Lenana

Tuliondoka saa nane na nusu usiku. Mwezi mdogo, nyota nyingi mno, changarawe inayoteleza: hatua mbili juu, moja inarudi. Hakuna aliyesema kitu hadi Harris Tarn, ambako maji yalikuwa na ngozi ya barafu. Karibu na juu kuna vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba vya kushikia na kukanyagia. Vilikuwa baridi kiasi cha kupenya glavu.

Saa kumi na mbili kasorobo tukawa juu. Mita 4,985.

Tayari kulikuwa na kundi jingine wakipiga picha penye kibao. Hapa ile kanuni ya mita 25 ina hekima yake. Watu wamepanda siku nne wafike kwenye kibao kile, si haki kuwatandazia waya miguuni. Nilishuka mita kama kumi na tano upande usio na upepo sana, nikapata genge lenye nafasi ya mtu mmoja kukaa. Udongo wa kuchomeka vigingi hakuna. Kiongozi na kijana wakaikaza fimbo kwa kuzungushia kamba kwenye majabali, upepo ukaikunja lakini ikasimama. Glavu zangu za mkono wa kulia nimezikata ncha za vidole viwili tu, cha kati na gumba, vinavyogusa kitufe. Kalamu ya wino haiandiki kwenye baridi hii, penseli inaandika.

Saa kumi na mbili na dakika tano nikaita mjomba kwenye 7.030. Kimya. Nikaita tena. Sikukata tamaa, kwa sababu nilijua kinachoendelea huko juu. Usiku tabaka la anga linalorudisha mawimbi hupungua nguvu, na kabla ya jua kuchomoza huwa dhaifu kuliko wakati wowote. Wimbi linalopanda karibu wima linalitoboa na kupotea angani, ndiyo maana aliye karibu hasikiki. Wimbi la mshazari bado linarudi, lakini linarudi mbali. Kwa hiyo wakati Mombasa haipatikani, Ulaya, ambako bado ni usiku, ilikuwa wazi kabisa. Nikapandisha masafa kidogo nikaita CQ. Italia ikaja, kisha Ugiriki.

Jua likatoka. Nilivua kisikizi kimoja nikageuka. Upande wa kusini, juu ya mawingu yaliyolala tambarare, Kilimanjaro ilikuwa pale, ndogo, nyeupe juu, mipaka yake wazi. Upande wa pili Batian na Nelion zimewaka rangi ya shaba, na chini yake mabaki ya barafu ya Lewis, ambayo inapungua mwaka hadi mwaka na wazee wa uongozaji wanakumbuka ilikofika. Kiongozi alimweleza kijana kuhusu Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera ya Kenya mlimani humu usiku wa Uhuru, Desemba 1963, mvua na theluji zikiwapiga. Alilieleza taratibu kama anayelitaja jina la mtu wa nyumbani kwao.

Nikahamia megahezi 21. Asubuhi bendi hufunguka kwanza upande jua linakotoka. Mnara wa Sri Lanka, 4S7B, ulisikika, na ule wa Australia Magharibi, VK6RBP, kwa mstari mmoja tu. India ilinijibu upesi. Japani ilinijibu mara ya pili niliyoita, na mwendeshaji yule akatuma alama yangu yote mara tatu, polepole, kuhakikisha kwamba nimepata sahihi. Kwa vituo hivyo vinne sharti la SOTA lilikuwa limetimia. Lakini mtu niliyempandia sikuwa nimempata.

Saa moja kamili, 0400, nikarudi 7.030. Sasa jua lilikuwa limekaa juu ya anga ile kwa muda. Mwanzoni kulikuwa na kitu, hakikuwa sauti hasa, kama uzito nyuma ya ukimya. Kikaja, kikazama. Kikaja tena, na ndani yake ule mstari wa mwisho unaovutwa. Alikuwa akituma alama yangu mfululizo, na baadaye aliniambia hakuwa ameacha tangu saa kumi na mbili. Nikamjibu. Tukapeana alama za usikivu, kubwa ndiyo bora: akanipa 449, nami nikampa 459. Dakika kumi baadaye tulikuwa 579 wote wawili, anga ikiwa imekaza. Nilimwambia naona Kilimanjaro. Akauliza upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, swali la mtu wa meli, na nikampimia kwa makadirio. Kisha: KIONGOZI WAKO AKISEMA SHUKENI SHUKENI. Tulifunga kwa 73, salamu za heri za watu wa redio.

Nilikuwa na redio ya mkononi ya VHF pia. Kwenye 145.500 niliita mara moja, na mwenzetu mmoja wa Nairobi, juu ya paa la jengo analoishi, akajibu kana kwamba yuko genge la pili. Kilomita 140 hivi, bila mtambo wa kurushia katikati.

"Dada," kiongozi akasema, "wingu limeingia Bonde la Teleki. Tukunje." Saa mbili kasoro tulikuwa tumekunja. Mchana huku juu radi huja bila kubisha hodi, na fimbo iliyosimama na waya wake si kitu cha kuwa nacho kilele kikifunikwa.

Tulishuka upande wa Chogoria. Ziwa Michaelson liko chini kabisa mwa Bonde la Gorges, kuta zake wima pande zote, na njia inapita juu ukingoni. Kama ningekuwa na siku moja zaidi ningelala pale. Miguu ilitufikisha kwenye mabanda karibu na lango jioni, na usiku ule redio sikuigusa.

Ijumaa, Chogoria

Land Rover ilitushusha msituni, kilomita 30 hivi za mianzi, mashimo na matope hadi mjini. Tulikula chapati na maharagwe kwenye hoteli ya kando ya barabara, nikaingiza logi kwenye simu mtandao uliporudi, wale wote wapate uthibitisho wao. Japani alikuwa ameshaleta wake.

Kuna rafiki yangu wa Arusha mwenye alama ya 5H3 anayepeleka wageni Kilimanjaro. Nilimwandikia kuhusu nilichokiona kusini asubuhi ya Alhamisi, tukapiga hesabu pamoja kwa ujumbe. Kutoka Lenana hadi Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni kilomita 325 hivi, na ardhi yote katikati iko chini sana ya mstari wa vilele hivi viwili. Kwa VHF hakuna cha kuziba. Wati 5 za mkononi kwa umbali huo, hewani bila kizuizi, zinafika zikiwa na nguvu ya kutosha hata kuzungumza kwa sauti, si Morse tu. Yeye ana safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Machame mwezi wa Agosti, na siku yake ya kilele tayari anaijua. Mimi nitaingia Sirimon siku nne kabla ya siku hiyo. Tumekubaliana 145.500, saa moja asubuhi, kila mmoja aite dakika mbili na kusikiliza dakika mbili, na tukikosa, tunahamia 7.030, ambako mjomba ameshasema atakuwepo.

Kijana wetu aliposhuka kwenye gari alikuwa bado ana ile chati mkononi. Amefika herufi M.